Mlima Niliompandisha Mama Mkwe

Jumatatu, usiku. Jua limewaka kutwa nzima na vumbi la kambi ya wakimbizi ya Nakivale limeingia hadi kwenye sufuria. Mke wangu amepakua chakula, mimi nimesema sina njaa. Njaa ninayo. Ninachokosa ni uso wa kukaa karibu na watu wangu.

Leo tulikuwa tumpeleke mama mkwe Mbarara kwenye kliniki ya macho. Jicho la kulia limeshafunikwa na ukungu, la kushoto linafuata. Wauguzi huwapokea wagonjwa wa macho Jumatatu asubuhi tu. Mama alikuwa ameisubiri siku hii kwa muda mrefu. Alivaa kitenge chake cha Jumapili, akapakia gunia la maharage ya shamba lake na ndizi za kumpelekea mdogo wake anayeishi huko mjini.

Watu wa hapa wananijua kama dereva na fundi. Gari ni langu, na ninalitengeneza mwenyewe. Jumamosi nilibadilisha bomba la mpira lililokuwa linavuja kwenye rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini. Ili mkono upite, nilichomoa waya wa feni inayopuliza rejeta. Kisha rafiki zangu wakaniita twende kuangalia mechi. Nikafunga boneti haraka, nikanawa mikono, nikaenda.

Sikuwasha gari kulijaribu.

Asubuhi tulianza vizuri. Kwenye tambarare gari lilikuwa linakimbia na upepo unaingia mbele, kwa hiyo sikuona lolote. Lakini tulipoanza kupanda ule mlima mrefu kabla ya Kabingo, mwendo ukawa wa polepole, na mshale wa joto ukapanda mpaka kwenye nyekundu. Moshi mweupe ukatoka chini ya boneti. Nikasimama kando ya barabara, nikatia jiwe nyuma ya gurudumu.

Mama akauliza kuna nini. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema sijui, nipeni muda niangalie. Badala yake niliangalia lile gunia.

"Mama, gari imezidiwa," nikamwambia. "Mizigo iko mingi. Mushuke, mupande na miguu mpaka kule juu, mimi nitawakuta."

Akashuka. Furaha, mke wangu, akajitwika gunia la maharage kichwani na kumshika mama yake mkono. Mama akabeba kikapu cha ndizi. Kabla hawajaondoka alinigeukia, akitazama kidogo pembeni ya mahali nilipokuwa nimesimama, kwa sababu hanioni vizuri.

"Munisamehe, Baba Esta," akasema. "Ni mimi nilileta vitu mingi."

Nikamwambia si kitu, mama.

Yaani nilimsamehe.

Nilibaki nikiwatazama wanavyopanda. Mama alikuwa anapapasa njia kwa mguu kabla ya kukanyaga, na kila pikipiki ilipopita Furaha alimvuta pembeni, vumbi likawafunika wote wawili. Mama wa mke wangu, mtu ambaye kwetu Uvira, Kongo, nisingethubutu hata kupita mbele yake bila kuinamisha kichwa.

Injini ilipopoa nilifungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa. Maji yalikuwa yamepungua, nikaongeza kutoka kwenye jerikani. Nikaangalia bomba nililobadilisha. Halikuwa linavuja hata tone. Nikawaza labda ni thamostati, kile kifaa kinachofungulia maji njia injini ikipata joto, ndiyo imekwama. Nikawasha injini, nikaiacha ingurume gari likiwa limesimama, nikasubiri joto lipande ili nisikie feni ikianza.

Haikuanza.

Nikainama, nikafuata waya kwa kidole. Kichwa cha waya kilikuwa kinaning'inia kando ya rejeta, kisafi kabisa, kama nilivyokiacha Jumamosi. Nilikichomeka kikalia mara moja, na feni ikazunguka. Kazi yenyewe mtoto angeiweza.

Niliwakuta kule juu wamekaa juu ya gunia. Kitenge cha mama kilikuwa kimegeuka rangi ya udongo. Furaha akauliza ilikuwa nini, nikajibu kwamba nimeshatengeneza. Halafu nikapakia tena mizigo yote, maharage na ndizi, na gari likamaliza safari bila kulalamika. Mama hakuuliza kwa nini sasa mizigo hailishindi gari. Mimi nilijiuliza njia nzima.

Kliniki tulikuta wameshafunga kupokea watu. Muuguzi akasema turudi Jumatatu ijayo. Furaha alipomtafsiria, mama alitikisa kichwa tu, kisha akaomba muuguzi aambiwe kwamba gari liliharibika njiani, lakini mkwe wake ni fundi wa kweli, bila yeye tungelala porini. Kwa mdogo wake alirudia maneno hayo hayo. Tuliporudi Nakivale akawaambia na majirani. Nami nilisimama pale nikitabasamu, funguo mkononi.

Jioni nilimfuata Furaha jikoni, nikamweleza yote kuhusu ule waya. Aliendelea kumenya mihogo, hakuinua kichwa.

"Usiniambie mimi," akasema. "Mimi niko na macho. Enda umuambie yeye."

Nikaenda. Mama alikuwa amekaa mlangoni kwake, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Nilichuchumaa mbali kidogo, kama adabu inavyotaka, nikamwambia kwamba gunia halikuwa na kosa lolote. Nikamwambia nilisahau kurudisha waya, kwamba nilijua tangu pale mlimani, na nikamwacha aendelee kunisifu mpaka usiku unaingia.

Alitoa mguu mmoja kwenye maji, akaupangusa kwa pindo la kitenge.

"Kumbe ile mulima nilipanda bure?"

Nikasema ndiyo, mama.

Hakunitukana. Hakusema kwamba amenisamehe, wala mimi sikuthubutu kuomba. Aliita Furaha aje amwage maji, akaingia ndani kwake.

Kesho asubuhi lazima nipite mlangoni pale nimwamkie. Nitaanza na neno gani?