Maji ya Kadi Arobaini na Moja

Jumatatu, 8 Machi 1954

Kadi kumi na tisa kabla ya adhuhuri. Wino unakauka kwenye nibu kabla sijamaliza jina la mtu. Vumbi limeingia hata ndani ya daftari lenye jalada.

Kazi ni ileile. Wanawake wa Garissa hawamtajii mwanamume habari za damu, ndiyo sababu Mjomba Salim, dresa, mfunga vidonda, wa wodi ya wanaume, alinileta kutoka Lamu niwe karani wa upande wa wanawake. Dahabo, yaya wa wodi, hutafsiri Kisomali. Mimi naandika: jina, watoto, dalili, hedhi ya mwisho lini. Kisha mwanamke huvishwa shingoni kibati chenye namba ya kadi yake.

Hedhi ya mwisho lini. Nauliza hivyo kutwa nzima, na kila mara najibu moyoni. Agosti.

Ramadhani iliyopita nilifunga siku zote. Wanawake wote nyumbani walikuwa na siku za kulipa, zile za hedhi, mimi sikuwa na hata moja. Mama alinisifu. Shangazi aliniangalia tu.

Naogopa.

Alhamisi, 11 Machi

Kadi 41. Jina lake Khadra. Ameolewa miaka minne, hana mtoto. Mumewe amepeleka ngamia upande wa Eldas, miezi minane sasa hajarudi. Akirudi ataoa mke wa pili. Khadra anataka dawa kabla hajarudi.

Nimeandika dalili zake kama Dahabo alivyozitaja. Hedhi haionekani kwa miezi, ikija huja kwa fujo. Chunusi. Nywele kidevuni na chini ya kitovu. Ngozi ya shingo imekuwa nyeusi, nene, kama haikuoshwa, naye anaisugua kwa mchanga mpaka inatoka damu.

Mkono ulikuwa wangu na mwandiko wangu. Nilihisi ninaandikwa mimi.

Alipoinuka alininyooshea kidole kidevuni, taratibu, pale nilipong'oa nywele kwa kibanio asubuhi.

"Wewe bia," alisema.

Alitaka kusema pia, kwao hakuna p. Mimi pia. Dahabo alicheka. "Karani, unaandika watu wote. Wewe nani anakuandika?"

Nikaita kadi 42.

Jumatatu, 15 Machi

Daktari ametoa amri. Mwanamke asiyeona hedhi zaidi ya miezi mitatu hapewi dawa mpaka ijulikane hana mimba. Maji yake ya asubuhi yatiwe chupani, chupa iandikwe namba ya kadi, ipelekwe Nairobi kwa lori la Jumatano. Huko maji hayo hudungwa ndani ya chura jike. Chura akitaga mayai, mwanamke ana mimba. Asipotaga, hana.

Dahabo alitafsiri akiwa ameziba mdomo kwa shuka. Kwenye benchi la wagonjwa wanawake walisogeleana.

Khadra amekataa. Kwao kitu kilichotoka mwilini hakiachwi mikononi mwa mgeni, hata ukucha hufukiwa. Maji yake kuingia ndani ya mnyama asiye na damu ya moto, mnyama anayelala ardhini kama maiti? Hapana. Na Daktari naye: hakuna chupa, hakuna dawa.

Jumanne, 16 Machi

Khadra amenifuata nyuma ya wodi wakati wa joto kali, watu wote wamelala. Alitoa chupa tupu chini ya guntino, shuka aliyojifunga, akaniwekea mkononi. "Weka maji wewe, abaayo, dada yangu. Wewe umesoma. Wewe huogobi."

Naogopa kuliko yeye. Ila nilifikiri kama karani. Sijaguswa na mwanamume maishani mwangu. Jibu langu haliwezi kuwa ndiyo. Khadra naye mumewe hayupo. Hapana yangu ni hapana yake. Yeye atapata dawa, nami nitajua chura anasema nini juu yangu bila jina langu kuandikwa popote.

Nilitafuta kosa katika hesabu hiyo, sikuliona.

Jumatano, 17 Machi

Nimefanya. Nimeandika 41 kwa penseli ya rangi, nikaifunga chupa kwa gunia lililoloweshwa. Lori limeondoka saa moja. Nilisimama mpaka vumbi lake likatua.

Jumamosi, 27 Machi

Hakuna majibu. Daktari amekwenda Wajir, atakaa wiki mbili.

Ngozi ya shingo yangu, upande wa nyuma. Nimeiangalia kwa vioo viwili. Kivuli tu, labda.

Namfikiria yule chura. Amekaa wapi sasa. Maji yangu yamo ndani yake.

Ijumaa, 2 Aprili

Mvua ya kwanza. Ilipokatika, ardhi ilifunguka na vyura wakatoka. Jana hapakuwa na hata mmoja. Leo wapo uani, kwenye ngazi, ndani ya ndoo. Mmoja alikaa kwenye kizingiti cha chumba changu tangu alasiri hadi magharibi, ameelekea ndani. Koo lake linacheza. Sikuweza kumruka. Mjomba alimwondoa kwa ufagio akaniuliza mbona nimekuwa na rangi ya majivu.

Jumatatu, 5 Aprili

Barua imefika. Nilikuwa ghalani, naona kupitia mlango. Mjomba aliifungua barazani maana Daktari hayupo, na watu walikuwa wengi, akasoma namba kwa sauti. Hajui namba ni za nani. Alidhani namba haina aibu.

"Thelathini na tatu, hapana. Thelathini na nane, hapana. Arobaini na moja, ndiyo."

Nuur, mdogo wa mume wa Khadra, alikuwa amekaa kwenye ngazi. Ndiye anayemleta na kumrudisha. Hajui kusoma, ila kibati anakijua. Alimwendea Khadra, akakigeuza kile kibati shingoni mwake, akamwonyesha Mjomba. "Hii ni ngabi?"

Mjomba alielewa. Akakunja barua.

Chura ametaga. Kwa maji yangu.

Jumanne, 6 Aprili

Sikula. Nimejifungia saa ya mapumziko, nikalala chali, mkono tumboni. Kitu kilicheza. Sisemi nilidhani. Kilicheza, kama kidole kinachogonga kutoka ndani.

Sijaguswa. Nimezipitia siku zote, moja moja. Lamu, chuoni, njiani, hapa. Hakuna mtu. Basi ni nini?

Dahabo anasema wako wanawake wanaoolewa na kitu kisichoonekana, hakitaki wazae na watu, na ndicho huwaotesha ndevu. Dawa yake ni ngoma ya saar, ya kupunga pepo, na damu ya mbuzi. Alikuwa anamzungumzia Khadra. Macho yake yalikuwa kwangu.

Jumatano, 7 Aprili

Nuur amempelekea kaka yake habari kwa watu wa ngamia. Anasema kaka akifika mambo yatakwisha, na hakusema yatakwishaje. Anakaa langoni tangu alfajiri, fimbo magotini, ili Khadra asitoroke. Khadra amelala wodini. Amegeukia ukuta.

Nilimsogelea. Nikamuuliza kwa nini hasemi. Lingetosha neno moja tu: si maji yangu, ni ya karani. Dahabo alikuwa amekwenda kisimani, kwa hiyo Khadra alijibu kwa Kiswahili chake, polepole.

"Wewe mtoto. Wewe una tumbo, hakuna mume. Mimi nimezoea kusemwa. Funga mdomo."

Anaamini nina mimba. Tangu juzi ananifichia.

Nilitoka nje nikatapika. Halafu hata kutapika kukanitisha.

Alhamisi, 8 Aprili

Nimemwambia Mjomba. Alikuwa anakunja bendeji. Aliendelea kukunja mpaka mwisho.

"Nani?"

"Hakuna, Mjomba."

"Zuhura. Nani?"

Nilitawadha, nikashika msahafu, nikaapa. Alisema, "Nakusadiki, mwanangu." Macho yake yalikuwa tumboni kwangu.

Kisha nikaenda langoni. Nikamwambia Nuur mbele ya watu wote kwamba chupa ni yangu, Khadra hakuitia kitu, mkosaji ni mimi. Dahabo akatafsiri, safari hii bila kucheka. Nuur akavuta pindo la kikoi chake lisiniguse.

"Tutangoja daktari," alisema. "Wewe na yeye, wote."

Jumapili, 11 Aprili

Nikipita, benchi linanyamaza. Muuza maziwa ameweka chombo chini badala ya kunipa mkononi. Mjomba ameanza barua kwa Mama, ameichana, ameanza nyingine.

Vyura wanalia mchana kutwa kwenye dimbwi nyuma ya wodi. Wakinisikia, wanaacha. Nikisimama, kimya. Nikiondoka, wanaanza tena.

Jumatatu, 12 Aprili

Daktari amerudi. Nimemweleza yote nikiwa nimesimama. Alikasirika kwa sababu ya chupa, alikasirika kweli, akasema karani anayebadilisha namba anaweza kuua mtu. Ni kweli. Kisha akamkaripia Mjomba kwa kusoma majibu barazani. Kisha akakaa, akanipima, Dahabo akiwa ameshika mkono wangu. Tumboni hakuona kitu.

Naandika maneno yake kama nilivyoyaelewa, ili nisiyageuze.

Chura hajui mtoto ni nini. Anachojua ni kitu kilichomo ndani ya maji. Mwili hutengeneza vitu vya kutuma habari kutoka kiungo hadi kiungo, vinaitwa homoni. Mwenye mimba anayo moja kwa wingi, nayo ndiyo humtagisha chura. Lakini kuna inayofanana nayo, inatoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, kila mwanamke anayo. Kwa kawaida hupanda siku chache na kushuka. Kuna wanawake ambao kwao hukaa juu. Mifuko yao ya mayai hujaa vilengelenge vidogo vya maji, yai halitoki, hedhi haiji. Na homoni ya kiume, ambayo kila mwanamke anayo kidogo, kwao huzidi. Ndiyo nywele. Ndiyo chunusi. Shingo nyeusi ameiona kwa wengi wao, sababu yake haijui.

Nikauliza inazidi kiasi gani. Akasema hapa hakuna wa kuipima, na hata huko mbali wanaipima kwa shida. Nikauliza kama ana hakika ndiyo iliyomtagisha chura. Akasema hapana. Huenda hata ni joto, au chura alisumbuliwa tu.

Nilitaka aseme ndiyo. Amesema hajui. Ajabu, nimemwamini zaidi.

Jumatano, 14 Aprili

Chupa mbili zimekwenda. Khadra amekubali, kwa sharti kwamba Dahabo asimame naye na chupa irudi ifukiwe. Yangu imeandikwa 258.

Maana nimejiandikia kadi. Jina. Umri, ishirini. Dalili. Sikuacha hata moja. Kwenye neno kidevu nilichovya nibu mara mbili.

Alhamisi, 29 Aprili

41, hapana. 258, hapana. Safari hii barua imefika mikononi mwa Daktari, imefungwa.

Nuur hakuridhika. Chura mmoja kasema ndiyo, mmoja kasema hapana, yupi mkweli? Kaka yake yuko njiani. Nami nauliza hivyohivyo moyoni. Kile kitu bado kinacheza tumboni. Daktari anasema ni utumbo na hofu.

Ameanza kutudunga sindano, siku tano, mimi na Khadra. Ni homoni ya mwezi, ya kutengenezwa. Kama hakuna mimba, ikikatika damu itakuja, ndani ya wiki mbili hivi. Kama ipo, haitakuja. Akamweleza Nuur hivyo. Nuur alihesabu kwa vidole.

Jumanne, 4 Mei

Mwezi umeandama. Tumeanza kufunga. Sindano zimekwisha jana.

Mwaka jana niliomba nisikatishe hata siku moja. Mwaka huu naomba nikatishe. Sijui kama dua hiyo inafaa. Nimeiomba.

Jumamosi, 8 Mei

Khadra ameona. Dahabo alipiga kigelegele mpaka wagonjwa wa upande wa pili wakaamka. Mumewe alifika jana, mtu mrefu, mchovu, mkimya. Daktari amezungumza naye peke yake. Nuur ameondoa fimbo langoni.

Mimi bado. Watu sasa wananiangalia mimi tu. Mjomba ananiuliza kila siku kama nimefunga. Nasema ndiyo. Anatikisa kichwa na kutoka.

Jumatatu, 10 Mei

Bado. Dimbwi limekauka. Vyura wamerudi chini, hakuna anayejua wapi. Nilisimama pale kwenye matope yaliyopasuka na nikahisi wako, chini ya miguu yangu, wananisikiliza.

Jumatano, 12 Mei

Damu imekuja saa nne asubuhi, katikati ya kadi ya mtu. Nilimaliza kuandika jina lake kwanza.

Sikulia. Nilimwambia Mjomba, "Leo sikufunga." Alivua kofia, akajifuta uso, akaivaa tena. Baadaye nikaona ile barua kwa Mama vipande vipande kwenye ndoo.

Kidevu ni kilekile. Shingo ni ileile. Daktari anasema haya yatakuwa nami, yatakuja na kwenda.

Mchana nilikwenda nyuma ya wodi, mahali ambapo wasiofunga hujificha wasionekane na wanaume. Khadra alikuwa amekaa kwenye gunia, na birika la chai. Alisogea akanipa nafasi. Nikakaa. Alinimiminia, tukanywa. Chai ilikuwa na chumvi kidogo, maji ya kisima.