Mashine ya Slesi

Shoga, naandika haraka haraka, nivumilie nikikosea herufi.

Leo si tumekwenda na mama mkwe kununua ile mashine ya umeme ya kukatia mkate slesi. Muuzaji katoa mbili. Moja ukiachia kitufe inasimama. Nyingine ukiiwasha inazunguka tu mpaka uizime mwenyewe.

Nikasema tuchukue ya kwanza. Mama mkwe akanikata jicho: "Nishikilie kitufe kama nabonyeza kengele ya mlango? Kwani mimi nasahau?" Mume wangu akanikanyaga mguu. Nikaufyata.

Tukanunua yake.

Sasa hivi natoka bafuni nasikia mngurumo. Jikoni hakuna mtu! Kisu kinazunguka chenyewe, nusu mkate umebaki juu. Nusu mkate, shoga!

Nikaizima. Mama yuko sebuleni, katulia kama maji mtungini.

"Mama, umeacha mashine inawaka."

Akanitazama kwa upole, yeye yule aliyenikata jicho mchana. "Mashine gani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mashine gani!

Kesho likizo yangu inaisha, narudi kazini. Anayebaki na mtoto ni yeye. Na mtoto juzi tu kajua kusimama kwa kushika kabati za jikoni.