Kaseti ya Mama

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu nyingi kutoka Lamu. Sote wazima, alhamdulillahi, na shangazi yako Zuhura amejifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza kama zile nyimbo za harusi ulizonirekodi nikiziimba uziweke kwenye hifadhi ya chuo, wazisikie watafiti popote walipo. Mwanangu, sijui nikujibu nini.

Nilipokuwa kigori, mgeni mmoja wa kike alimrekodi mama akiimba nyimbo hizo hizo, za ndani, ambazo wanaume hawazisikii. Alituachia kaseti moja. Nikaogopa kaka zangu wataicheza, nikarekodi kisomo cha Kurani juu yake. Nikajiona nimemsitiri mama.

Mama alipofariki, nikaitafuta kaseti ile. Nilisikiliza kisomo chote. Kilipokwisha, pale mwishoni kabisa, nikamsikia mama anacheka na kuwaambia wenzake, "Fungani mlango!" Basi, hakuna zaidi.

Ukiziweka, wataingia wote. Usipoziweka, siku moja nanyi mtanitafuta. Niambie wewe uliyesoma: hiyo hifadhi yenu ina mlango? Na ufunguo anao nani?

Ni mimi bibi yako,
Mwanaisha