Moja na Maji, Mbili na Maji

3 Januari

Kwako Kasuku wangu,

Shikamoo yako niliikuta juu kabisa ya barua, nami nasema marahaba. Mimi mzima. Mguu wa kushoto unakufa ganzi nikikaa kwenye boti muda mrefu, lakini hayo ni mambo ya umri, usianze kunitajia dawa. Wewe je? Kile kikohozi cha harufu ya rangi kimekuacha, au bosi wako bado hataki kufungua dirisha?

Kiangazi kimeingia bila hodi. Maji ya ukingoni yamekuwa vuguvugu, ukitia mkono unadhani umetengewa ya kuoga. Basi samaki wetu domo wote wamehama. Wageni ninaowapeleka kuvua wanaendelea kumwita besi na kupiga naye picha, mimi nitamwita domo mpaka nife, maana mwenye mdomo ule hahitaji jina jingine. Asubuhi na mapema wanapanda kwenye majani kutafuta vyura, jua likishachomoza tu wanashuka pale Ngazini, chini panapokatika ghafla, wanajibanza kwenye visiki. Unapakumbuka. Nina wageni siku zote isipokuwa Jumatatu, na Jumatatu ndiyo siku rafiki yangu kinyozi hafungui duka lake, kwa hiyo tunatoka wawili na ananichosha masikio hadi mchana.

Sasa kuna jambo linanikera. Ngazini pamebadilika. Unajua hesabu yetu: natupa, chambo kinazama, nahesabu moja na maji, mbili na maji, nikifika kumi na nane nakaza mshipi, chambo kinaelea juu ya visiki palepale domo walipo. Ukingoja ishirini umekwama. Miaka yote ni hivyo. Wiki hizi nafika kumi na tano tu na chambo kimeshakwama. Nimepoteza vinne mbele ya wageni, na mmoja akaniuliza kwa adabu kama nina uhakika na mahali. Nimeona aibu, mwanangu.

Nadhani ziwa limepungua. Nitumie minyoo ya mpira, ile ya zambarau. Ya hapa ni migumu, hata domo mwenye njaa anaitema.

Ni mimi,
Baba yako


14 Januari

Baba yangu,

Shikamoo. Kikohozi kimepona, dirisha limefunguliwa baada ya bosi mwenyewe kuanza kukohoa. Mguu huo unaufanyaje? Usiniambie umri. Umri haukai mguu mmoja.

Minyoo nimeitia kwenye kifurushi hiki, pakiti sita. Muuzaji aliniuliza kama ni ya mume wangu, nikamwambia ni ya mzee mmoja mbishi anayeamini samaki wanachagua rangi. Naye akasema wanachagua kweli. Basi mko wawili.

Kazini hatujambo. Jana amekuja mama mmoja na ganda la kitunguu, anataka sebule yake iwe rangi ile ile, si nyekundu, si kahawia. Nimechanganya makopo manane mpaka akatabasamu. Nilikukumbuka, maana nilijiambia hapa panahitajika mtu mwenye subira ya kukaa Ngazini.

Kuhusu hiyo hesabu: hujabadilisha chubwi? Ulinifundisha mwenyewe, risasi ikiwa nzito inashuka haraka na hesabu yote inaharibika. Na kama ni ziwa limepungua, si upime? Funga jiwe kwenye kamba. Mpe kinyozi kazi hiyo, mdomo upumzike.

Nakupenda, mbishi wangu.

Mwanao


26 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Minyoo imefika. Nimewaonyesha watu gatini, nikawaambia imechaguliwa na binti yangu huko mjini. Hawakuuliza, lakini niliwaambia.

Tumepima. Kinyozi alishika kamba, mimi nikashika kinyozi. Kina ni kile kile, hata shubiri haijapungua. Nikasema basi ni chubwi, watengenezaji siku hizi wanadanganya. Nikazichukua zote nikaenda nazo duka la dawa, nikamwomba mwenye duka azipime kwenye mizani yake ya unga. Foleni nyuma yangu ilinung'unika. Uzito ni ule ule. Mshipi ni ule ule. Boti ni ile ile, na Ngazi haina miguu ya kuhama.

Kwa kweli nimechoka na jambo hili. Wageni wawili wameniacha wakaenda na muongozaji wa gati la pili, yule kijana wa miwani. Sikuwalaumu.

Mengine ni madogo madogo. Kikombe cha bluu, ulichoninunulia ukiwa shule, kimenitoka mkononi na kuvunjika. Samahani. Kinyozi naye ananicheka kwamba nafunga vifungo vya shati vibaya, na kwamba nikisimulia kisa anapata nafasi ya kunyoa kichwa kizima kabla sijamaliza. Nimemwambia anayeongea kama cherehani asiwahesabie wenzake maneno.

Umesema kweli, umri haukai mguu mmoja. Sasa uko hata mkononi.

Baba yako


3 Februari

Baba,

Shikamoo. Leo sina utani.

Nimeisoma barua yako mara nne. Mstari unateremka upande wa kushoto, na hukuwa unaandika hivyo. Nataka ufanye kitu kimoja. Kinyozi ashike saa yenye mshale wa sekunde. Wewe fumba macho, hesabu kwa sauti hadi ishirini kama uko kwenye boti, moja na maji, mbili na maji, usijitahidi, usikimbie. Kisha niandikie ni sekunde ngapi.

Unakumbuka niliponunuliwa saa yangu ya kwanza? Nilikupima siku nzima, jikoni, gatini, hata ulipokuwa unakata kucha. Kila mara ishirini yako ilikuwa sekunde ishirini. Ulitembea wiki nzima ukijisifu kwamba wewe ni saa ya ukutani.

Fanya leo hii. Kama una simu ya kuazima, nipigie. Najua yako iko chini ya ziwa na hutaki nyingine, lakini kinyozi anayo.

Mwanao


9 Februari

Mama,

Nakuita hivyo leo, usishangae.

Tumefanya ulivyosema. Dukani kwake, kabla hajafungua. Nilihesabu nimefumba macho, nikafungua, nikamwona kinyozi kanyamaza. Nilijua hapo hapo kuna jambo, maana yule hanyamazi hata akiwa na wembe mdomoni. Akasema saa yake mbovu. Akatoa ya pili kwenye mtoto wa meza. Tukarudia. Ya kwanza sekunde ishirini na sita, ya pili ishirini na saba.

Kwa hiyo ziwa halina kosa. Chubwi hazina kosa. Nimewatukana watengenezaji bure. Mimi ndiye ninayechelewa. Chambo kinashuka kama kawaida, mimi niko nyuma kwenye kumi na tano nikidhani niko nacho sawa.

Mwanangu, nimeogopa. Kuzeeka nimekuzoea. Nilichoogopa ni kwamba masikioni mwangu hesabu ile ilikuwa sawa kabisa. Hata sasa nikiijaribu naisikia sawa. Ni mangapi mengine nayasikia sawa?

Sikukupigia kwa sababu ungesikia sauti yangu. Hospitali sijaenda. Najua watakachosema. Watasema kaa nyumbani. Na nyumbani kuna nini? Tangu mama yako atutoke, humu ndani nalala tu. Mchana wangu uko kule majini. Nikikaa nyumbani nitakuwa mtu wa kusubiri chakula.

Usimwambie mtu.

Baba yako


13 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe, nimeshamwambia mtu. Nimempigia kinyozi. Kabla barua hii haijakufikia atakuwa ameshakupeleka, nimemwambia akikosa kukupandisha kwenye gari akunyoe upande mmoja wa kichwa na kukuacha hivyo mpaka ukubali. Ameahidi. Alikuwa analia, Baba, usimfokee.

Nakasirika nawe na nakupenda, vyote viwili kwa pamoja. Unaogopa kukaa nyumbani. Mimi naogopa siku utakayodondoka kwenye yale maji ya Ngazini, nawe umeshika usukani, na boti inaendelea kwenda bila wewe. Hilo ndilo ninaloliona nikichanganya rangi. Jana nimeharibu kopo zima la kijani.

Na nikuambie jingine, maana tumeanza kusema kweli. Viangazi vitatu sijaja. Nimekuwa nikisema kazi ni nyingi. Kazi si nyingi kiasi hicho. Nilikuwa siwezi kuingia jikoni bila mama. Nikakuachia wewe uingie peke yako kila asubuhi, mimi huku nikikutumia minyoo ya mpira. Ilikuwa vibaya. Najuta.

Nenda hospitali. Mengine tutayajua baadaye.

Mwanao


16 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nimekwenda, na nywele zangu zimebaki pande zote mbili.

Daktari ni binti wa rika lako. Alinigusisha pua, akanitembeza kwenye mstari wa sakafu, akaniuliza majina ya vitu ambavyo hata mtoto anavijua, nami nikamjibu kwa hasira. Kisha wakanipiga picha ya kichwa. Anasema ni kiharusi kidogo, kimepita kabla mwaka haujaanza, pengine nilikuwa nimelala. Mshipa mdogo sana. Anasema kinachofuata kisingekuwa kidogo, kama ningeendelea hivi bila dawa. Aliniuliza nilijuaje. Nikamweleza habari ya domo na Ngazi na kumi na nane. Akaweka kalamu chini akacheka, akasema katika kazi yake hajawahi kuletewa mgonjwa na samaki.

Dawa nakunywa. Mkono nauchezesha na mpira, kinyozi ananisimamia kama mwalimu.

Hayo ya jikoni nimeyasoma. Hukukosa peke yako. Nami sikukuomba uje, nilikuwa nakuandikia habari za domo tu, nikitumaini utaelewa. Tusirudie.

Kuna jambo moja daktari alisema mwishoni, kwamba nisishike usukani tena wala nisichukue wageni. Kukaa kwenye boti ruhusa, kuendesha hapana. Nikamwambia sawa, tutaona. Jumamosi nina watu, niliwaahidi tangu mwezi uliopita. Ni safari fupi. Usiniandikie kuhusu hilo.

Baba yako


19 Februari

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi mpaka nimemkumbatia mama wa ganda la kitunguu, alikuja kununua kopo la pili na akanikuta nalia.

Nimepewa likizo ya wiki mbili. Nafika tarehe moja Machi, basi la asubuhi.

Umesema nisikuandikie kuhusu usukani, basi sikuandikii. Nitakuja nikuambie usoni. Lakini ujue siji na raha. Wewe ndiye uliyenipakata nikiwa na miaka sita, ukaweka mkono wangu juu ya ule usukani na wako juu ya wangu, ukaniambia usibane, shika tu. Leo mimi nije nikwambie achia? Nimelifanyia mazoezi hilo neno mbele ya makopo ya rangi dukani na kila mara linanikwama. Simu ya kinyozi haipatikani, basi naomba humu humu, Jumamosi usitoke. Nakuomba, Baba.

Mwanao


24 Februari

Mama yangu,

Marahaba, na usicheke mwandiko, barua hii nimeiandika kwa siku mbili.

Yako imefika Jumatatu, Jumamosi imeshapita. Nikwambie ilivyokuwa. Nilikwenda gatini. Wageni walikuwa wanangoja, mtu na mkewe, wameshavaa makoti ya kuelea. Nikawasha injini. Nikatoa kamba. Yule mama alikuwa amekaa mbele, amebana kofia yake magotini, akanitazama tu, jinsi anavyotazama mtu asiyekuwa na wasiwasi wowote. Nikaizima injini. Nikawaambia mimi ni mgonjwa na sikupaswa kuwapakia. Nikawapeleka mwenyewe kwa yule kijana wa miwani, nikamweleza Ngazini ni wapi na nini cha kufanya.

Kutoka pale nikapanda mpaka kwa kinyozi. Alikuwa na mteja kafika nusu ya ndevu. Nikamtolea ufunguo wa boti, nikaweka juu ya meza kati ya mikasi, nikamwambia ni wako, utanipeleka Jumatatu. Akafuta wembe, akautia ufunguo mfukoni. Mteja ndiye aliyeuliza kuna nini.

Jana ndiyo tumeanza mafunzo. Anageuza boti kama anayehamisha kabati. Amegonga gati mara mbili na mwanzi mmoja wa kufungia nyavu za watu. Mimi nilikaa mbele na sikujua mikono niiweke wapi. Nikalia kidogo, yeye akajifanya anatazama injini. Tulikamata domo wawili, wadogo, tukawarudisha.

Nakuandikia haraka ili ikukute kabla hujapanda basi. Lile neno ulilokuwa unalifanyia mazoezi, liache huko huko. Nimeshajiambia mwenyewe. Si kazi ya kumpa mtoto, nami nilitaka kukupa, nikijidai mbishi, na hapo ndipo nilipokukosea kuliko popote. Usije ukiliwaza njia nzima. Lala kwenye basi.

Baba yako