Kiapo Kilichoingia Kundi la Ukoo

Mpendwa Bibi Mshauri, naomba msaada kabla kichwa hakijapasuka. Mimi ni yule fundi friji niliyekuandikia habari za msusi, na tangu anikatae nilikuwa nashinda na simu, basi nikaingia kundi linaitwa Ukombozi Wetu, na humo kuna mtu anajiita Kamanda, mimi ananiita Simba, ananitumia video za wenzetu wakiuawa na wale wa ng'ambo ya mto, moja nimekuwekea uione, mpaka nikaacha kumsalimia jirani yetu muuza mkaa kwa kuwa kwao ni huko, halafu Kamanda akasema nijirekodi nikiapa kwamba sina tena mama wala ndugu, kisha Ijumaa nipande basi niende kambini, nami nikaapa kwa sauti nzito, nikatuma, kumbe nimebonyeza Ukoo Wetu badala ya Ukombozi Wetu, na shangazi akajibu, "Sawa Simba, ila rudisha kwanza sufuria yangu," lakini mama ananipakulia chakula bila kunitazama, na Kamanda anadai kiapo chake, sasa Bibi, niende au nisiende?

Simba

Wewe! Tangu tumalize habari za msusi umenipotea, leo umeungua ndiyo unamkumbuka Bibi?

Mimi sikusoma, barua nimesomewa, na hapo pa mama nilimwambia msomaji arudie. Usiende. Umesikia? Usiende! Huyo Kamanda kama kambi ni tamu, mbona hapeleki wanawe? Alikuona umekataliwa, umenuna, akasema huyu ameiva. Na video yako nimeitazama: watu wanakimbia huku wanatoa moshi mdomoni kwa baridi. Ng'ambo ya mto kuna baridi hiyo tangu lini? Fundi friji mzima unauziwa barafu ya nchi za watu, hushtuki!

Pole lakini, mjukuu wangu. Upweke unauma, najua.

Usibishane na Kamanda, atakuzidi maneno. Usifute kitu. Mpe simu mtu mzima unayemwamini, mjomba au shangazi huyo wa sufuria, mwende naye kuripoti polisi, kisha umfungie Kamanda kwenye simu. Akikutisha, sema siku hiyo hiyo, usifiche. Muuza mkaa kamsalimie leo.

Mama usimtumie ujumbe. Ingia jikoni, mwambie, "Mama, nilidanganywa, nisamehe." Akikuzaba kofi, pokea, hapo mazungumzo yameanza.

Ijumaa, badala ya basi, uje na mama kwangu, asubuhi, jua halijawa kali. Na kwenye ngazi zangu mshike mkono, zinateleza.