Maji kwa Mpiga Mizinga

Laeken, 8 Septemba 2024

Papa,

Asalaam aleikum. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi imewahi.

Maman Frieda, yule bibi ninayemtunza, miguu imemkatalia. Jana akanituma makaburini peke yangu, kwa Mwingereza wake, Arthur. Kwao alikuwa mwoka mikate, na jioni anafanya mazoezi ya mizinga na askari wenzake wa kujitolea, mizinga ikivutwa na farasi. Vita ikaja, farasi wakaachwa, wakapewa magari. Akapigana jangwani Libya, akapigana Italia, Septemba 1944 akaingia hapa Brussels, akalala kwa kina Frieda siku nne. Alimwokea mkate, naye mtoto wa miaka minane. Mbele kidogo akajeruhiwa, akarudishwa kufia hapa. Mama yake akaandika kutoka Uingereza: sitaweza kufika, mnitunzie kaburi lake. Wanamtunza mpaka leo.

Bon, nikaweka maua, halafu mazoea ya kwetu yakanishinda, nikamnyunyizia maji pia. Maman Frieda kacheka mpaka machozi. Kasema nisiache.

Binti yako,
Hidaya

Buyenzi, 3 Oktoba

Hidaya,

Waaleikum salaam. Mgongo ni ule ule. Barua yako imeniuma, sikufichi. Mzungu wa mizinga unamnyunyizia maji, na mama yako je? Miaka sita tangu tumzike, hujafika.

Papa yako

Laeken, 20 Oktoba

Papa,

Salaam. Nimelia. Unajua sijapata karatasi za kukaa, nikitoka sirudi. Pale kwa Arthur ni Mama ninayemsemesha. Na wewe, donc, uliye karibu, umekwenda mara ngapi?

Hidaya

Laeken, 15 Desemba

Papa,

Mbona kimya? Unakula? Nilikukosea adabu, nisamehe. Hata maman Frieda anakuulizia.

Binti yako,
Hidaya

Buyenzi, 12 Januari 2025

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Ninakula. Ulisema kweli, tangu maziko sikuwahi kwenda. Niliogopa kuona jina lake pale.

Ijumaa moja nikabeba jembe na ndoo, nikijua nitakuta pori. Nikakuta pamepaliliwa, udongo umelowa. Mlinzi akasema kuna mama anakuja kila Ijumaa. Wiki iliyofuata nikamngoja. Anaitwa Aïcha, mama yako hakumjua. Alitafuta tu kaburi lisilo na mtu wa kulitunza, kwa sababu la mwanawe hawezi kulifikia. Niliona aibu, mwanangu, nikamshukuru.

Ijumaa nimemwachia yeye, mimi nimechukua Jumatatu.

Mwanawe ni Djibril. Amezikwa huko huko Brussels. Nimemwambia nina binti anayejua kazi hiyo. Namba ya kaburi nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Papa yako