Kamera Uliyotutumia na Mguu wa Hope

Raila Village,
Kibera, Nairobi.
Jumapili, 8 Juni 2025.

Mpendwa Austine,

Niaje, mtoto wa ndugu yangu? Usicheke, hata shangazi yako anajua kusema niaje. U mzima? Joto la Doha limepungua, au bado mnachomwa kama mahindi? Na unakula kweli? Kwenye picha ya mwisho shingo yako ilikuwa nyembamba, sikuipenda. Ndiyo maana Mercyline, anayesafiri kuja huko, anakuletea omena pamoja na barua hii.

Sisi tuko salama. Juma lililopita nisingeweza kuliandika neno hilo.

Ile kamera ya gari uliyomtumia mzee wangu Omolo ilitusumbua mwanzoni, nikuambie ukweli. Ilikuja ikiwa imewekwa ijiwashe kila kitu kikisogea mbele yake. Na sisi tunapaki kando ya njia! Mama wa mandazi akipita, inarekodi. Kuku akipita, inarekodi. Waumini wa kanisa la Roho walipita na ngoma na bendera zao, ikawarekodi wote mpaka betri ya gari ikafa. Omolo akaipeleka kwa Murunga, fundi wa simu kule mtaa wa Congo, Kawangware, akamwambia azime kila kitu.

Sasa sikia. Jumatatu ya juzi Omolo alirudi, akapaki, akaingia ndani. Nilimmiminia chai, na kabla hajaionja tukasikia mayowe. Hope, binti wa jirani yetu Jael, alikuwa chini kando ya gurudumu, mguu umevunjika. Watu wakasema Omolo amemgonga akirudi nyuma. Mtoto akiulizwa, analia tu na kuficha uso.

Na Omolo hakuweza kujitetea, Austine. Alipokuwa akipaki alihisi gari likiruka kidogo, akadhani ni jiwe. Sasa hakujua tena. Alimkimbiza Hope hospitalini, kisha akaenda kwa Jael, akapiga magoti, akaomba msamaha. Jael ana moyo yule mama. Alilia naye, akamsamehe.

Lakini Omolo mwenyewe hakujisamehe. Alinipa funguo, akasema gari liuzwe, hatashika usukani tena maishani. Chakula alikuwa anakitazama tu. Niliogopa sana, mwanangu. Niliona nampoteza huku ameketi mbele yangu.

Nikamwita Murunga aje aitoe kamera kabla gari halijauzwa. Akauliza kama tumeangalia video. Nikamwambia, video gani na wewe ulizima yote?

"Zii, mathe, si yote," akasema. "Nilizima ile ya wapita njia. Ya kugongwa niliiacha, nikaipunguza tu isishtuke kila shimo. Gari likigongwa limepaki, inaamka."

Kumbe video ya namna hiyo hujifungia, nyingine haiwezi kuifuta! Tukaiona. Gari halisogei hata kidogo. Hope ameangukia boneti kutoka paa la kibanda, mpira kwapani, anateleza, anapotea upande wa gurudumu. Kisha Omolo anatoka mbio mlangoni kwetu, kikombe bado mkononi. Msichana alikuwa amekatazwa kupanda mabati, ndiyo maana akaufyata mdomo!

Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Omolo aliitazama, akairudia, kisha akalia kwa sauti. Nilimwacha alie.

Jael naye alipoiona alimshika Omolo mkono. Halafu akasema, "Basi baba, nirudishie msamaha wangu. Kuna mtu hapa anauhitaji." Akamgeukia Hope na plasta yake. Wacha tucheke! Hata Hope alicheka, ingawa kwa woga.

Msalimie Obonyo mnayeishi naye, umwambie mamake hajambo. Marion wetu anakusalimu, na Jael anasema Mungu akuzidishie. Nami naomba Mola akulinde ukilala na ukiamka, akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Naishia hapa, kwani Hope anarudi kliniki kesho na kuna maandalizi. Omolo ndiye atakayempeleka. Leo asubuhi ameniomba funguo.

Shangazi yako akupendaye, pamoja na shingo yako hiyo,
Awiti.